Amplifaya Isiyo na Ubovu

Amplifaya ya Solo ilikuwa imerudi dukani kwa mara ya tatu, na Chiriku alijua kabla haijafunguliwa kwamba haina ubovu.

Hakuwa mganga wala hakuoteshwa. Alijua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeiuza, na alikuwa ameshauza nyingine nyingi za aina hiyo hiyo. Ilikuwa amplifaya ya gitaa ya bei ya katikati, nyeusi, yenye spika moja pana, nzito kiasi cha kumfanya mwanamume atamani kuomba msaada lakini aone haya. Mpiga gitaa wa kwaya alikuwa nayo, na kila alipopita kununua nyuzi aliisifia usafi wa sauti mpaka watu wakamwambia basi aioe. Yule wa bendi ya harusi alikuwa ameshaiangusha kutoka kwenye gari, akaimwagia na soda, na bado ikaimba. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akijifunza gitaa uzeeni alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba mkewe anaisikia mpaka bafuni. Katika wote hao hakuna aliyewahi kusema imefifia. Ni mmoja tu aliyesema hivyo, na huyo ndiye aliyekuwa ameushika moyo wa Chiriku.

Jina la Chiriku alipewa na wateja. Alikuwa na sauti nyembamba na mdomo usiojua likizo. Mtu aliingia kununua waya akatoka na habari za mtaa mzima. Mwenzake aliitwa Solo kwa sababu katika bendi alipiga gitaa la solo, na kwa sababu kabla ya kukutana na Chiriku alikuwa mtu wa kujikalia peke yake. Walikuwa wamependana miaka miwili ya kuibiaibia muda, maana mama yake Chiriku hakutaka hata kusikia harufu ya mwanamuziki nyumbani kwake.

"Nilishaolewa na mwanamuziki mmoja, akanitosha," mama alikuwa akisema. "Baba yako alikuwa akiaga anakwenda kupiga tarumbeta siku mbili, anarudi baada ya mwezi, na wakati mwingine hata hilo tarumbeta hana. Nimemngojea pale mlangoni ujana wangu wote. Wewe hutamngojea mtu."

Halafu mwezi uliopita Solo akapata kazi. Studio moja ya kurekodia muziki ilitaka mtu wa kuchanganya sauti, wa kukaa mezani na kuamua ngoma isikike kiasi gani na mwimbaji kiasi gani. Kazi ya kiti, ya mshahara wa mwezi, ya kutoka asubuhi na kurudi jioni. Mama alipoambiwa alinyamaza kutwa nzima. Kesho yake, akiwa anakunja nguo, akasema kana kwamba anaizungumzia hali ya hewa, "Basi wazee wake waje Jumamosi." Chiriku alicheza jikoni mpaka akaunguza chakula, na siku hiyo hakuna aliyemgombeza.

Kwa hiyo leo, Alhamisi, msichana huyu alipaswa kuwa hashikiki kwa furaha. Badala yake alikuwa amesimama kwenye chumba cha nyuma cha duka, mbele ya meza ya ufundi, roho juu, akimtazama mjomba wake akifunga skrubu ya mwisho mgongoni mwa amplifaya. Mjomba ndiye aliyekuwa mwenye duka na fundi pia.

"Haya, sikiliza mwenyewe," Mjomba alisema. Akachukua gitaa la kujaribia, akapiga uzi mmoja. "Inaimba, haiimbi?"

"Inaimba."

"Mara ya kwanza alisema imefifia, nikabadilisha zile taa za ndani zinazokuza sauti. Taa nzima, nikazing'oa. Mara ya pili nikabadilisha spika. Spika nzima, Chiriku! Ningekuwa daktari wa watu saa hizi niko ndani."

"Labda ni waya wake."

"Waya nimeupima. Jana nimemwita yule wa kwaya aje aijaribu na vipimo vile vile alivyoviacha Solo. Amepiga mara moja tu akaruka. Ananiambia, Mjomba, huyu anayeitumia hii anataka kuua watu?" Mjomba akaweka kidole kwenye kidude kimoja cha kuzungusha, kile ambacho wapiga gitaa hukiita trebo, cha kuongeza au kupunguza sauti nyembamba. "Unaona kilipo? Mwisho kabisa. Siku aliyoinunua alikiweka katikati, tena akahangaika nacho nusu saa, mara kidogo huku, mara kidogo kule. Alikuwa na sikio la kudeka, yule."

"Labda amebadilisha mtindo."

"Chiriku."

"Au ukumbi wenyewe. Ule ukumbi wao una mapazia mazito, Mjomba, mapazia yanameza sauti, hata wewe umewahi kusema..."

"Chiriku, mama. Jumatatu alipoileta nilimwita nikiwa hapa, kushotoni kwake. Nikaita, nikaita. Hakugeuka. Nilipokwenda kumsimamia mbele ndipo akacheka, akasema alikuwa na mawazo."

Chiriku hakujibu, na Chiriku asipojibu jua kuna jambo. Alikuwa ameyaona hayo yote na kuyafungia mahali. Alikuwa ameona kwamba Solo humkalisha upande wa kulia siku zote, hata kama upande huo una jua kali. Siku hizi alichelewa kucheka, anangoja kwanza kuwaona wengine wakicheka. Simu alikuwa akiiweka sikio la kushoto zamani. Sasa hailigusi kabisa. Na Chiriku alijua chanzo, kwa sababu alikuwa amemwona jukwaani mara nyingi. Wapiga gitaa wengi huiweka amplifaya chini, nyuma yao. Solo huiweka juu ya kiti, kushoto kwake, usawa wa kichwa, ati anataka kuongea nayo. Miaka yote hiyo imekuwa ikimpigia kelele sikioni na yeye akidhani ni mazungumzo.

"Mwambie," Mjomba alisema kwa upole.

"Kwa nini mimi?"

"Mimi nikimwambia atasema nimeshindwa kazi, ataipeleka kwa fundi mwingine. Wewe akikununia, atarudi."

"Na Jumatatu anaanza studio."

"Ndiyo maana nasema umwambie. Wale watamgundua. Na wasipomgundua ndiyo mbaya zaidi, kelele za mle zitammalizia hilo la pili. Mimi nimefanya kazi karibu na majenereta, mpwa wangu. Wenzangu walianza hivi hivi. Linakwenda moja, halafu jingine linaanza kulifuata."

"Akikosa kazi, Mama hatakubali."

"Najua."

"Sasa nimwambie ili nimkose?"

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema anakwenda kununua risasi ya kulehemu. Risasi ilikuwepo, kopo zima, pale pale mezani. Chiriku alimwacha aende.

Hazikupita dakika nyingi Solo akaingia. Alikuwa mrefu, mwenye vidole virefu vya kushikia nyuzi, na tabasamu lililoanzia upande mmoja na kuchelewa kufika upande wa pili. Chiriku alipomwona moyo ulimwendea mbio kama siku ya kwanza, na papo hapo ukaanguka.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Solo aliuliza.

"Amekula, amelala vizuri."

"Na nesi wake?"

"Nesi amekukumbuka. Jana hukupita."

"Jana nilikuwa nyumbani namfundisha mzee kutembea." Solo alicheka. "Amenunua viatu vya ngozi kwa ajili ya Jumamosi. Vinambana, lakini hataki kuvirudisha. Anavivaa ndani ya nyumba kutwa ili avizoee, anakwenda toka sebuleni mpaka jikoni kama askari wa gwaride. Mama anamwambia vua, anasema hapana, siwezi kwenda kumwombea mwanangu mke nachechemea."

Chiriku alicheka naye, na machozi yakamlenga. Alijifanya ameingiwa na vumbi.

"Una nini?"

"Sina kitu. Njoo uijaribu."

Solo aliketi kwenye stuli, akachomeka waya, akapiga. Sauti ilitoka kali, ikachoma, vioo vya kabati vikatetemeka na mpita njia mmoja akageuka akatazama dukani. Chiriku alisikia meno yanamuuma. Solo alikunja uso.

"Unaona? Ni ile ile. Imefunikwa blanketi." Akanyoosha mkono kwenye kidude cha trebo, akakuta kiko mwisho, akakisukuma bado, kana kwamba kuna mwisho mwingine mbele ya ule. "Mjomba amefanya nini siku zote hizi?"

Hapa ndipo mahali pa kusema, Chiriku alijiambia. Akafungua kinywa. Yeye aliyeweza kumsemesha mteja bubu alikuta ulimi wake umekuwa mzito kama jiwe. Badala ya maneno akatoa wazo, na hadi leo hajui lilitoka wapi.

"Fumba macho," alisema. "Piga ule wimbo wako. Mimi nitarekebisha taratibu, ikikaa sawa uniambie."

"Mjomba amekufundisha ufundi?"

"Fumba macho, Solo."

Akafumba. Akaupiga ule wimbo aliouanza siku walipokutana, ambao hakuwahi kuupa maneno kwa sababu alisema maneno ni kazi ya Chiriku. Chiriku akapiga magoti mbele ya amplifaya, akashika kidude cha trebo kwa vidole viwili, akakirudisha nyuma. Kidogo, halafu kidogo tena. Ukali ukapungua. Kidude kikafika pale katikati, pale Solo alipokuwa akipapenda zamani, na kwa muda mfupi duka lote likajaa sauti tamu mno, laini, yenye kumeta, mpaka Chiriku akatamani dunia isimame hapo.

"Bado," alisema Solo, macho kayafumba.

Chiriku akaendelea kurudisha. Sauti ikawa nzito, ikawa ya kamasi, nyuzi zote zikasikika kama zinapigwa ndani ya godoro. Kidude kikafika mwanzo, kikagoma.

"Bado ile ile," Solo alisema. "Hujagusa kitu wewe. Rekebisha basi."

Chiriku akakipeleka tena mwisho kwa mara moja, ukali ukalipuka, vioo vikatetemeka. Solo aliendelea kupiga kwa utulivu, kichwa kimeinama, kama mtu anayengojea zamu yake. Chiriku akalia bila sauti. Hakuwa amejua kwamba ni kiasi hicho.

Wimbo ukakatika. Alipoinua uso akakuta Solo amefumbua macho, na hakuwa anautazama uso wake. Alikuwa anautazama mkono wake uliokuwa bado kwenye kidude.

"Ulikuwa unakizungusha?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupiga. Nimekwenda nacho mpaka mwanzo, nikarudi nacho mpaka mwisho."

Solo aliweka kiganja juu ya nyuzi ingawa zilikuwa zimeshanyamaza.

"Umenipima kama spika," alisema hatimaye.

"Nisamehe. Sikujua nianzeje."

"Ungeanza kwa kusema!"

"Na wewe ungesemaje? Ungesema ni mapazia! Mimi mwenyewe nimesema ni mapazia, Solo, nimemwambia Mjomba leo hii hapa!" Sauti yake ilipanda, na alipoona Solo ametega sikio la kulia kumfuata, akaishiwa nguvu. "Ulikuwa unajua?"

Solo alichomoa waya kwenye gitaa, akauchomeka tena.

"Kwa daktari wa masikio nilikwenda," alisema. "Wiki ile ya mvua, niliyokuambia nina mafua. Amenivalisha vitu vya masikioni, ananiambia nyoosha kidole ukisikia. Nikakaa pale, Chiriku, namwangalia tu, namngoja aanze. Kumbe alikuwa ameshamaliza."

"Akasemaje?"

"Kilichokwenda hakirudi. La kushoto limekwisha, la kulia limeanza. Akasema nikae mbali na kelele, labda kitabaki cha kuongelea na watu."

"Sasa amplifaya ulikuwa unaileta ya nini?"

"Nilitaka na yenyewe iwe mbovu." Alisema hivyo kwa aibu ya mtoto. "Hata nusu yake tu. Mjomba alipobadilisha zile taa nikajiambia, pengine ni nusu mimi, nusu yenyewe. Alipobadilisha spika nililala usingizi mzuri siku ile. Nilitaka kuwe na kitu kingine cha kutengeneza."

Chiriku aliinuka, akamshika kichwa, akakiweka kifuani pake. Alimpenda wakati ule kuliko siku zote za raha walizopata kuwa nazo, na mapenzi hayo hayakuwa na cha kumsaidia.

"Usiende studio," alisema juu ya nywele zake, halafu akakumbuka, akainama akaliambia sikio la kulia. "Usiende studio."

"Nisipokwenda nitasema nini kwa mama yako? Jumamosi ni keshokutwa."

"Tutasema ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba yule mwanamuziki uliyemkataa miaka miwili amekuja tena, safari hii hana muziki na hana masikio?" Akajitoa mikononi mwake. "Nisikilize. Usimwambie mtu. Acha wazee waje, mambo yafungwe, Jumatatu niingie kazini. Nitajikaza. Ile mashine yao ina mishale inayocheza sauti inapopanda, nitakuwa natazama mishale."

"Na hilo lililobaki litakapokwisha?"

"Litakuta tumeshaoana."

"Solo, sitaki uolewe na mimi kwa bei ya sikio lako!" Alikuwa amechanganyikiwa hata akasahau nani anaoa na nani anaolewa. Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. "Nataka unisikie. Nikizeeka nataka unisikie nikikugombeza."

"Sauti yako tayari inaondoka," Solo alisema polepole. "Ni nyembamba. Nyembamba ndizo zinazotangulia. Nikikutazama mdomo nakusikia. Ukigeuka, nakukosa."

Mgonjwa mwingine yeyote wa duka lile, amplifaya, redio, spika ya msikiti au ya kanisa, angefunguliwa mgongo, akatafutiwa ubovu na kurudishwa kwa mwenyewe. Huyu wa Chiriku hakuwa na skrubu.

"Niahidi," Solo alisema. "Mpaka Jumamosi tu. Niahidi, mpenzi."

Akaahidi. Angefanya nini?

Hawajakaa sawa, mlango wa mbele ukafunguliwa, na sauti ambayo Chiriku aliifahamu tangu tumboni ikaita, "Hodi humu ndani! Duka halina mtu, wezi wakija je?"

Alikuwa mama. Alishika mfuko mkubwa wa mapazia mapya. Alikuwa amesuka nywele, jambo ambalo hakulifanya ovyo, na alivaa viatu vyake vya kutokea. Chiriku alifuta macho upesi. Solo alisimama, akamtazama usoni, na kwa kuwa salamu zinajulikana zitakavyokuja, akazipokea vizuri kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama. Karibu."

Baba! Miaka miwili alikuwa hamwiti chochote ila "huyo kijana". Chiriku alihisi masikio yake yanawaka. Solo, kwa haya, akainama kuukunja waya wa gitaa, mgongo kidogo kwa mlango, bega la kushoto kwa mama. Chiriku akataka kumvuta amgeuze, lakini mama alikuwa ameshaweka mfuko chini na kusogea.

Mama hakuwa mtu wa maneno laini. Yale aliyokuwa nayo alikuwa ameyabeba njia nzima, ilionekana. Alisimama kushotoni kwa Solo, karibu sana, akainamisha uso kama anayeongea na sakafu, na akasema kwa sauti ya chini ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwake.

"Mwanangu. Nimekusema vibaya miaka miwili hii, wewe ukanyamaza, hukunirudishia hata neno. Nilikuwa nakulipisha deni la mtu mwingine. Nisamehe. Karibu nyumbani."

Solo alizungusha waya kiganjani, mzunguko mmoja, mwingine, akiunyoosha mahali ulipojipinda.

Mama alingoja. Akainua macho, akamtazama kijana aliyekuwa anakunja waya wake kwa utulivu kana kwamba hapo hakuna mtu. Uso wake ulibadilika taratibu, ukajikaza, na Chiriku aliona maumivu ndani yake kabla hajaona hasira.

"Kumbe," alisema mama.

"Mama, hapana..."

"Nimejishusha. Mimi, mama mzima, nimekuja kwa miguu yangu nimejishusha, na yeye ananifanyia jeuri mbele yako."

"Siyo jeuri, mama, subiri."

"Ni nini basi? Nimeongea na ukuta?"

Sauti sasa ilikuwa imepanda, na Solo aligeuka. Alimwona mama amevimba, akamwona Chiriku ameshika mdomo. Tabasamu lake lilianzia upande mmoja, likasita. Macho yake yakaruka kutoka mdomo wa mmoja kwenda wa mwingine, yakitafuta kilichompita. Halafu yakatulia kwa Chiriku, na Chiriku aliyasoma bila shida. Yalikuwa yanasema, umeniahidi.

Aliwaza mengi kwa muda mfupi ule. Akinyamaza, mama atatoka na hasira, na hasira ya mama huishi miaka. Akidanganya kwamba Solo alikuwa na mawazo, Jumamosi wazee watakuja, Jumatatu studio, na baada ya hapo kila neno atakalosema kwa mumewe litakwenda likipotea. Akisema ukweli anavunja ahadi aliyotoka kuitoa. Hakukuwa na njia isiyomuumiza mtu.

"Mama," alisema, "zunguka huku. Mwambie kwenye sikio hili. Lile la kule halisikii."

Waya ulimtoka Solo mkononi, ukafunguka wote sakafuni.

"Halisikii namna gani?" mama aliuliza.

"Halisikii, mama. Limekufa. Ni ile amplifaya, ni kazi ya miaka yote hiyo. Na hili la pili linaanza. Hakukudharau. Hakukusikia."

Mama alimtazama Solo. Hasira ilimtoka na hakikuingia kitu kingine mahali pake.

"Ni kweli, baba?" Safari hii alisema kwa nguvu, akiutazama uso wake.

"Ni kweli, mama."

"Na ile kazi ya studio? Si ni kazi ya masikio?"

Solo alimtazama Chiriku, si kwa hasira, kwa uchovu tu. "Ni ya masikio, mama. Siwezi kuifanya. Nilikuwa nataka kuwadanganya, na wao na wewe."

Mama akaketi kwenye stuli aliyokuwa amekalia Solo. Aliutazama mfuko wa mapazia. Chiriku alipiga magoti, akamshika mikono, akamwambia yote yaliyomjia, kwamba atafanya kazi yeye, kwamba Mjomba atamfundisha Solo ufundi, kwamba hajawahi kuomba kitu, kwamba anaomba hiki. Chiriku alisema kama alivyojua kusema. Mama alimpapasa kichwa na kuendelea kuyatazama mapazia.

Kisha akainuka. Akazunguka meza ya ufundi, akapita nyuma ya amplifaya, akaja akasimama kulia kwa Solo. Akamwekea mkono begani.

"Waambie wazee wako Jumamosi wasije kwanza," alisema.

Alisema polepole, neno baada ya neno, ili asikie.

"Nimesikia, mama," Solo akajibu.

"Kwanza mpaka lini?" Chiriku aliuliza. "Mama! Kwanza mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu. Usiniulize kitu nisichokijua." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Nilikuwa nimeshakubali. Mungu anaona, nilikuwa nimeshakubali."

Akatoka. Kupitia kioo cha mbele walimwona amesimama nje pembeni ya barabara, viatu vya kutokea miguuni, akitazama upande wa nyumbani, kisha upande wa dukani, asiende kokote. Mfuko wa mapazia aliusahau.

Solo aliinama akaanza kuukunja waya upya. Chiriku alimngoja amlaumu, na alitamani amlaumu, ingekuwa nafuu. Hakumlaumu. Alipomaliza aliuweka waya juu ya amplifaya, akasogea mpaka sikio lake la kulia likawa karibu na mdomo wa Chiriku.

"Pale mwanzo," aliuliza, "alikuwa amesema nini?"

"Alisema nisamehe. Akasema, mwanangu, karibu nyumbani."

Solo alifumba macho.

"Rudia," alisema, ingawa alikuwa amesikia.

Chiriku akarudia.